Rangi Isiyoonyesha Uchafu

Jumatatu, 7 Machi 1988

Mvua imeanza, na imeanza kama wateja wa mji huu wanavyoanza: ahadi nyingi, matone matatu. Nimesogeza cherehani ndani zaidi ya baraza.

Rukiah, mwenye duka la vitambaa ambaye barazani kwake ndipo ninaposhonea, ameniuliza kama nimeziona "langi mpya" alizoleta. Miaka sita niko hapa Old Kampala na bado nashtuka nikilisikia hilo. Walangi ni watu, wana kwao huko kaskazini. Iliyo kwenye kitambaa ni rangi. Nimemwambia hivyo, akanijibu, "Ee, langi, si ndiyo nasema?" Basi nikamwacha.

Watu wa hapa wamekiokota Kiswahili njiani, wakakipangusa kidogo, wakakivaa hivyo hivyo. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, sikuzaliwa nacho, lakini nilikaa Mombasa miaka mitano kwa fundi aliyenifunza sindano na majina kwa pamoja. Kila rangi ilikuwa na jina lake: maji ya kunde, ugoro, jivu, samli, damu ya mzee. Ninalo daftari lenye kipande cha kila kitambaa, na jina lake chini kwa mwandiko wangu. Hapa Kampala wana rangi tatu: nyeusi, nyeupe, na "ile ingine".

Jumanne, 8 Machi

Mvua. Suruali mbili za askari, zote zimepasuka pale pale.

Jumamosi, 12 Machi

Leo nimepata kichaa. Jina lake Faustino Okidi, Mwacholi mrefu, kofia mkononi. Zamani alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Sasa analinda ghala la mbao usiku, na siku nyingine anaongoza kwaya ya kanisa kule Mbuya, karibu na kambi, wake, ndugu na watoto wa askari na polisi, wengi wao watu wa kwao. Anataka makanzu kumi na manane ya kuvaa Pentekoste. Nikamwuliza rangi gani. Akafumba macho, akaniimbia.

Barazani! Watu wanapita na miavuli yao, naye ananiimbia. Alipomaliza akasema, "Mama Moreen, nataka rangi ya hii."

Nikamwambia hapa tunauza kwa mita. Hakukasirika. Akafikiri, akasema anataka nyekundu, "lakini ile imelia sana mpaka imenyamaza."

Nyekundu iliyolia! Nimeshona miaka ishirini na sijaona kitambaa kilichotoa chozi. Rangi ina kazi moja tu duniani, kuficha uchafu. Ndiyo maana kaki wakapewa askari, na nyeupe wakaachiwa maharusi, ambao huivaa siku moja. Yanayozidi hapo ni domo.

Jumanne, 15 Machi

Kichaa amerudi. Nimemwonyesha nyekundu tano za Rukiah. Kila moja aliitazama, akaiimbia noti moja, akaikataa. Ya kwanza alisema ni tarumbeta, inapigia watu kelele. Ya pili ni ya harusi. Ya tatu inadanganya. Nikamwuliza kitambaa kinadanganyaje, akasema, "Inacheka kwa meno tu." Rukiah alikuwa nyuma ya mlango akijiziba mdomo kwa shungi.

Ili aondoke nikamfungulia daftari langu kwenye ukurasa wa damu ya mzee, kile kipande cha zamani cha Mombasa. Hakuimba. Aliweka kofia juu ya cherehani yangu, akakigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Hii." Akakiacha kidole hapo mpaka nikaona haya, na sikujua naona haya kwa nini.

Rukiah hana rangi hiyo. Itabidi mtu aitafute Nairobi. Alipoondoka tulicheka, mimi na Rukiah, mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 19 Machi

Nimekwenda Mbuya kupima vifua na mikono. Matope hadi kwenye kifundo cha mguu. Niliwakuta mazoezini, nikaketi nyuma na utepe wangu shingoni kungoja.

Sijapata kuona upuuzi wa namna ile. Mwongozaji hasemi "pandisheni" wala "shusheni". Anawaambia sauti ya pili, "Kijani. Si kijani ya chupa. Kijani ya majani iko na mvua." Anawaambia wanaume wa besi, "Nyinyi mnaimba nyeusi. Mimi nataka udongo." Na wao, watu wazima wenye watoto, wanaitikia kwa vichwa kana kwamba wameambiwa jambo.

Nakiri kwa daftari hili tu kwamba sauti ilibadilika. Huenda walikuwa wamekohoa.

Mkewe, Joska Aryemo, ndiye aliyenishikia utepe. Mwanamke wa maneno machache, afadhali. Nikamwuliza kama mumewe yuko hivi hata nyumbani. Akasema ndiyo, hata uji una sauti yake.

Jumamosi, 26 Machi

Nimemtega. Amekuja kuuliza habari za Nairobi, nami nikamwekea vipande kumi mezani nikamwambia aimbe kila kimoja. Aliona ni heshima, maskini. Nikaandika alivyoimba kwa alama zangu, juu, chini, katikati. Kisha nikampa chai, nikamsimulia habari za Bungoma kwa saa nzima, nikavichanganya vipande na kumwomba arudie.

Kumi kwa kumi. Nikamwongezea jivu mbili zinazofanana, ambazo Rukiah mwenyewe huwauzia watu moja kwa jina la nyingine. Akaziimba mbalimbali, akasema ya pili "iko na njaa".

Bahati hiyo. Hata kuku kipofu huokota punje.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Nyumbani Kyebando, mvua, paa linavuja penye kitanda. Kristo amefufuka, ndoo imejaa.

Jumamosi, 9 Aprili

Aryemo alikuja kunisaidia kukata karatasi za vipimo. Nikamwuliza, kwa dharau yangu ya kawaida, kwa nini hawavai bluu kama kwaya za watu wenye akili.

Akanieleza bila kuondoa macho kwenye mkasi. Wadogo wawili wa Faustino walikuwa askari wa serikali iliyoanguka. Mwaka wa themanini na sita waliondoka mjini kukimbilia kwao na hawakufika. Hakuna kaburi, hakuna barua. Katika kwaya, kumi na mmoja kati ya kumi na wanane wana mtu wao wa namna hiyo, mume, kaka, mtoto. Na hapa Kampala huwezi kusimama kanisani ukataja jina la mtu aliyekufa upande ule. Utaulizwa wewe ni wa nani.

"Wimbo ni Zaburi," akasema. "Hakuna mtu nashika mtu juu ya Zaburi. Maneno yote ni safi. Lakini sisi tutavaa rangi ile, na watu wetu watajua tunalia nani. Faustino anasema rangi itasema, sisi tutanyamaza."

Nikamwambia basi wangesimama tu kimya wamevaa, wangeniokolea mimi kelele za mazoezi. Ndivyo nilivyosema. Akaendelea kukata.

Alhamisi, 14 Aprili

Kitambaa hakijafika. Faustino amekuja kusimama barazani kama mlingoti. Nikamwambia kusimama kwake hakuleti lori.

Jumamosi, 23 Aprili

Mvua, siku ya sita mfululizo. Kitambaa bado. Padri msaidizi wa kule Mbuya ameniletea kanzu lake likunjwe upindo, akataka kujua ni kweli mwongozaji wake anaimba rangi. Nikamwambia anaimba hata viraka. Akacheka sana, na kicheko chake kilinichukiza, sijui kwa nini, maana kilikuwa kicheko changu mwenyewe.

Alhamisi, 5 Mei

Kimefika Jumatatu! Robota zima, na rangi ndiyo yenyewe, hata Mombasa sikuiona iliyoiva hivi. Rukiah ameishika akasema, "Langi hii nzito." Nimemsamehe.

Nimekata na kushona usiku na mchana kwa vipimo vyangu, sasa nawataka waje wajaribu ili nipige pindo. Aryemo alipita jioni nikampa karatasi ampe mumewe. Nimeandika kwa ufupi, maana mtu yule ukimwandikia maneno mengi atayatafutia sauti:

"Bw. Okidi. Damu ya mzee imepatikana. Njoo na watu wako wote Jumamosi asubuhi tumalize kazi. Usichelewe. T. Namalwa."

Kiswahili safi, kila neno mahali pake. Angalau mmoja wetu anakijua.

Jumamosi, 7 Mei

Hawakuja. Nilijua. Nimekaa tangu saa mbili na makanzu kumi na manane yamening'inia barazani kama ndizi, na hata mmoja hakutokea. Ndio watu hawa. Watakuimbia, watakuambia kitambaa kina njaa, lakini kufika saa waliyoambiwa hawawezi. Debe tupu haliachi kuvuma. Nimemwambia Rukiah kwamba mtu anayesikia rangi hana budi kuwa kiziwi wa mambo mengine yote. Tumecheka tena.

Jumatatu, 9 Mei

Mungu anisamehe.

Aryemo amekuja asubuhi, miguu mitupu, viatu mkononi. Hakuketi. Amesema Faustino alikamatwa Ijumaa alfajiri akitoka kulinda ghala. Kuna kizuizi cha askari njiani, anapita hapo kila siku, wanamjua. Lakini Ijumaa walikuwapo wapya, wakampekua mifuko, wakakuta karatasi.

"Walisoma karatasi yako," akasema.

Sikuelewa. Nikasema ni karatasi ya kitambaa. Akanitazama, na hapo ndipo nikaisoma upya kichwani mwangu, kwa macho ya kijana mwenye bunduki. Katika mji huu askari wakisema Mzee hawasemi babu ya mtu. Wanasema mkubwa wao, mkubwa kabisa. Na hapa ni Mwacholi, askari wa zamani, mfukoni ana barua kwamba damu ya mzee imepatikana, aje na watu wake wote Jumamosi wamalize kazi. Imetiwa sahihi na Mkenya, na mapigano ya mpakani Busia ya mwezi wa kumi na mbili hayajapoa.

Neno moja, "kitambaa", lingemwokoa. Sikuliandika kwa sababu niliona kila mwenye akili anajua. Hapa hakuna anayejua. Niliyemcheka ndiye aliyechunga kila neno la wimbo wake lisimdhuru mtu, akaiachia rangi iseme. Mimi nikaichukua rangi ile ile nikaitia maneno. Mdomo uliponza kichwa, na wangu umeponza cha mwenzangu.

Nikamwuliza Aryemo wamemfanya nini. Akasema hawamruhusu kumwona. Alipeleka chakula, kikapokelewa, bakuli likarudi limeoshwa, na yeye hajui nani alikula. Hakunilaumu, na afadhali angenitukana.

Jumanne, 10 Mei

Rukiah ananishauri nipande gari la Busia leo hii. Amesema T. Namalwa ni jina tu, wako wengi, na wakija atawaambia nilihama. Alisema kwa huruma, amenifungia hata mkate. Nami nimefunga mzigo. Nimeufungua. Nimeufunga tena. Kumbe ndiye mimi huyu, mwanamke wa kucheka watu barazani, nakimbizwa na karatasi ya mistari miwili.

Sijashona hata uzi mmoja.

Jumatano, 11 Mei

Nimekwenda.

Nilichukua daftari la vipande na kanzu moja lililokamilika, nikalikunja kwenye gazeti. Kituo anakoshikiliwa ni nyumba ya mtu iliyochukuliwa, ukumbi wa mbele ndio ofisi. Nikangoja tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Nikaambiwa mara tatu niende nyumbani, nikakaa.

Hatimaye nikaingizwa kwa afande kijana, sura ya mtoto wa shule, shati lake limekosa kifungo cha tatu na amefunga kwa pini. Karatasi yangu ilikuwa mezani, chini ya kikombe. Nikamwambia mimi ndiye T. Namalwa. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa mbuzi ambaye hakumwagiza.

"Mzee ni nani?" akauliza.

"Ni rangi, afande."

Hakucheka. Akaita, wakamleta Faustino. Alikuwa amevaa fulana ya mtu mwingine, jicho moja limefumba, na anatembea kama anayehesabu hatua. Aliponiona akanisalimia kwa kichwa kama tumekutana sokoni.

Nikafungua daftari. Nikamwonyesha afande ukurasa kwa ukurasa: hii maji ya kunde, hii ugoro, hii jivu. Nikamwambia hakuna aliyewahi kukamatwa kwa ugoro. Akanyoosha mkono akafunua mwenyewe, akafika kwenye kipande cha Mombasa, akasoma chini yake pole pole, kwa kidole, damu, ya, mzee, na wino wenyewe umepauka kwa miaka. Akaliangalia kanzu. Akaiangalia karatasi.

"Nyinyi Wakenya, kwa nini mnaita hivi?"

Nikamwambia damu ya kijana ni nyekundu, inaruka. Ya mzee imekaa, imetulia, imekuwa nzito. Ndivyo nilivyofundishwa. Niliposema nikasikia kwamba nilikuwa nikisema maneno ya Faustino, kwa Kiswahili changu.

Nilidhani tumemaliza. Lakini kijana yule hakuwa mjinga, ndilo jambo la kuogopesha. Alimgeukia Faustino akamwambia, "Rangi ziko nyingi. Kwa nini wewe nataka hii?"

Faustino akafumba lile jicho lake zima. Nikamjua. Ndivyo anavyofumba kabla ya kuimba. Mtu yule anaweza kunyamaza juu ya kila kitu, lakini ukimwuliza rangi hawezi kusema uongo, hajui uongo wa rangi unasemwaje. Angesema kweli, kwamba ni rangi ya kuwalilia wadogo zake, na kina nani wengine, kumi na mmoja, majina yao na ya jamaa zao katika kwaya. Alikwisha vuta pumzi.

"Haionyeshi uchafu, afande," nikasema mimi.

Wakanigeukia wote wawili.

"Ni watoto wa kambini hao," nikasema. "Masika haya, matope haya, sabuni haipatikani. Nyeupe ingekwisha Jumapili ya kwanza. Mimi ndiye niliyemchagulia. Yeye hajui rangi."

Hilo lilimwingia mara moja. Akacheka, akasema hata mama yake huko kwao ni hivyo hivyo, hataki nyeupe nyumbani. Nikamdharau kwa moyo wangu wote kwa kuridhika upesi vile. Kisha nikakumbuka kwamba ndilo lililoniridhisha mimi miaka ishirini.

Alituweka hadi jioni, akatuandikisha majina, akaibakiza karatasi. Kabla hatujatoka nikamshonea kifungo. Aliomba mwenyewe.

Tukatembea mpaka penye taa. Hapo Faustino akasema, taratibu kwa ajili ya mdomo uliovimba, "Mama Moreen. Hajui rangi?" Na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jumamosi, 14 Mei

Wamekuja wote, saa moja na nusu, kabla yangu. Pindo kumi na nane.

Jumapili, 22 Mei

Pentekoste. Nimekwenda Mbuya, si kwa ajili ya ibada. Fundi huenda kuona kama pindo zimelala sawa.

Zimelala. Padri alivaa nyekundu yake ya sikukuu, ile ya tarumbeta, na waumini wamejipamba kwa kila rangi ya dukani. Kisha kwaya ikasimama, na ikawa kana kwamba mtu amefunga dirisha upande mmoja wa kanisa. Faustino aliinua mkono. Jicho bado halijafunguka vizuri.

Waliimba Zaburi. Maneno ni ya Mungu kuwa mchungaji na majani mabichi, hakuna neno la kumkamatisha mtu. Lakini sauti ya kwanza ilipotoka niliitambua. Ndiyo ile aliyoniimbia barazani mwezi wa tatu, nami nikamwambia tunauza kwa mita. Niliitazama rangi na nikaisikia sauti, na kwa maisha yangu yote sitaweza kusema kipi kilianza. Wanaume waliimba udongo. Wanawake waliimba majani yaliyonyeshewa. Katika viti vya mbele mzee mmoja alivua kofia ambayo alikuwa ameshaivua, mkono ukashika hewa. Mama mmoja nyuma yangu akataja jina, kwa Kiacholi, pole pole, kisha la pili. Hakuna aliyemgeukia.

Padri msaidizi alikuwa akipigapiga vidole kwenye goti. Hakusikia lolote. Mtu wa vitabu yule.

Mimi nilikuwa na kipande cha masalio mkobani, cha upana wa kitambaa cha mkono, nilichokichukua kwa ajili ya daftari, maana kile cha Mombasa kimechakaa. Nikajifuta nacho uso. Nikajifuta tena, mpaka wimbo ukaisha, kisha nikakikunjua kwenye mwanga wa mlango nikakiangalia.

Sikumdanganya afande. Haionyeshi kitu.